Sura ya Sita: Nyumba Isiyo na Mlango

Nyumba yangu haina mlango. Kila mtoto aliyekaa jamvini usiku kutegewa vitendawili anajua jibu: yai. Katika sura hii nakuomba ushike kitu kingine chenye ukubwa wa yai, kipande cha makaa ya mawe. Kina uzito wa gramu 70 hivi. Ni cheusi, kikavu, na ukikigonga kinakatika vipande vyenye pembe. Jicho halioni tundu hata moja. Hata hivyo, katika makaa mengi yaliyokomaa kila gramu ina kuta za ndani ambazo jumla yake hufikia mita za mraba 100 au zaidi. Zidisha kwa 70 na utapata mita za mraba 7,000. Huo ni uwanja wa mpira, goli hadi goli, uliokunjwa ndani ya kitu kinachoenea kiganjani.

Kwenye kuta hizo ndiko gesi ya methani inakoishi. Imenata juu yake molekuli moja moja, kama vumbi linavyonata kwenye wavu wa dirisha. Hapo ndipo makaa yanapoachana na miamba mingine ya gesi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, imo katika mawe ya mchanga. Huko gesi iko huru katika nafasi zilizopo kati ya chembe na chembe, imebanwa kama hewa ndani ya tairi. Toboa, nayo itakimbilia kisimani kwa nguvu zake yenyewe. Toboa tabaka la makaa ya mawe, na mara nyingi utakachopata siku ya kwanza ni maji matupu.

Watu wengi wamepotezea fedha hapo, kwa kuchanganya kuwa na gesi na kuipata. Makaa yana ghala, na makaa yana njia. Vitu hivyo viwili vimo katika jiwe moja, lakini havifanani kwa lolote.

Ghala

Vitundu vya makaa hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Maabara huvigawa katika makundi matatu: vidogo kabisa, ambavyo upana wake haufiki nanomita 2, vya kati, kuanzia 2 hadi 50, na vikubwa, vinavyozidi 50. Usidanganywe na neno "vikubwa". Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Molekuli ya methani ina nanomita 0.38. Ndani ya kitundu cha nanomita 2, methani tano zikisimama bega kwa bega zimekwishajaza chumba kutoka ukuta hadi ukuta.

Udogo huo ndio siri ya ghala. Nguvu inayoivuta molekuli kuelekea ukutani ni hafifu, na hufanya kazi kwa karibu sana. Katika chumba kipana, molekuli iliyo katikati haisikii mvuto wowote. Katika chumba chenye upana wa molekuli mbili tatu, kuta zote huivuta kwa pamoja, na gesi hubanana humo karibu kama kimiminika. Ndiyo maana tani moja ya makaa mazuri, ambayo ujazo wake haufiki hata mita moja ya ujazo, inaweza kushika gesi ambayo ikifunguliwa juu ya ardhi itajaza mita za ujazo 15. Haba na haba hujaza kibaba: hakuna kitundu kimoja chenye gesi ya kuhesabika, lakini vyote kwa pamoja vinalisha mtambo wa umeme.

Ghala hili halikuletewa gesi kutoka mbali. Makaa yalianza kama mimea iliyozama kwenye kinamasi, ikafunikwa, ikazikwa, ikapikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. Makaa machanga kabisa, yaani lignaiti, bado yana vitundu vipana vilivyojaa maji. Yakizidi kuzikwa, maji hufukuzwa, vitundu vipana hubanwa na methani hutengenezwa humo humo. Mwisho wa safari ni anthrasaiti, makaa magumu yanayong'aa, ambayo karibu nafasi yake yote ni vitundu vidogo kabisa. Makaa basi ndiye mpishi, na ndiye mwenye ghala.

Wachimbaji waliijua gesi hii kwa uchungu kabla wanasayansi hawajaipima. Ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha. Tarehe 6 Juni 1972, mlipuko katika mgodi Namba 2 wa Wankie, mji unaoitwa leo Hwange nchini Zimbabwe, uliua watu zaidi ya 420. Makaa ya Hwange ni ya kundi la miamba ya Karoo, ukoo uleule wenye makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira kusini mwa Tanzania. Kuitoa gesi kabla ya kuchimba kulianza kama kazi ya kuokoa roho. Biashara ilikuja baadaye.

Viti vya daladala

Aliyetupa hesabu ya ghala hili hakuwa mtu wa migodini. Irving Langmuir alikuwa mkemia wa kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York, ambako alichunguza tabia ya gesi ndani ya balbu za taa. Kati ya 1916 na 1918 alichapisha maelezo ya jinsi gesi inavyonata juu ya uso wa kitu kigumu. Mwaka 1932 kazi yake juu ya nyuso ilimpa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Wazo lake ni jepesi. Fikiria daladala. Viti vina idadi yake. Gari likiwa tupu, kila anayepanda anakaa. Likikaribia kujaa, abiria wanaongezeka kituoni lakini wanaopata kiti ni wachache. Kwenye ukuta wa makaa, viti ni nafasi za molekuli, na umati wa kituoni ni shinikizo la gesi. Shinikizo likipanda, viti hujaa, kwanza haraka, kisha kwa kusuasua.

Tufanye hesabu. Chukua makaa ambayo viti vyote vikijaa hushika mita za ujazo 20 za gesi kwa tani, na ambayo hujaa nusu shinikizo likiwa bar 20. Yapo mita 600 chini ya ardhi, na nyufa zake zimejaa maji. Kila mita 10 za maji huongeza takriban bar moja, kwa hiyo shinikizo huko chini ni bar 60. Mlinganyo wa Langmuir unasema makaa hayo yanashika mita 15. Sasa vuta maji mpaka shinikizo lishuke hadi bar 20. Umeondoa theluthi mbili ya shinikizo lote, na kila tani imekupa mita 5 tu. Endelea kushuka kutoka bar 20 hadi bar 5, nayo itakupa mita 6 nyingine. Utamu umo chini ya sufuria, kama ukoko wa wali. Anayekata tamaa mapema huondoka na njaa.

Kuna jambo baya zaidi. Katika historia yake ndefu, tabaka linaweza kuwa limevuja. Tuseme makaa yetu, badala ya mita 15, yamebaki na mita 10. Theluthi ya viti vilivyostahili kukaliwa ni vitupu. Hapo hakuna molekuli itakayotoka mpaka shinikizo lishuke hadi lile ambalo mita 10 ndizo kiasi chake halali, yaani bar 20. Mwenye kisima atalipia mafuta ya pampu, mishahara na mabwawa ya maji, ataondoa uzito wa mita 400 za maji, kabla hajapata gesi ya kuchemshia chai. Tofauti kati ya makaa haya na yale ya kwanza haionekani kwa macho. Inaonekana kwenye daftari la hasara.

Vichochoro na barabara

Molekuli iliyoachia ukuta bado haijafika popote. Mbele yake kuna safari mbili, na kila moja ina sheria yake.

Safari ya kwanza ni ndani ya jiwe lenyewe, kutoka kitundu hadi kitundu. Humo hakuna mkondo wa kuibeba. Inatangatanga, ikigonga kuta, na polepole inasogea kutoka penye msongamano kwenda penye uchache, kama harufu ya udi inavyoenea chumbani bila upepo. Adolf Fick, daktari wa Kijerumani, aliandika kanuni ya mwendo huo mwaka 1855. Mwendo wa namna hii una ada kali: umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne.

Safari ya pili ni ndani ya nyufa. Makaa yanapokomaa hupasuka kwa mpangilio. Kundi moja la nyufa ni refu na lililonyooka; kundi la pili ni fupi, linalikata la kwanza karibu kwa pembe mraba na kuishia humo. Ni mtaa wenye barabara na vichochoro, na kati ya ufa na ufa pana milimita au sentimita chache. Humo gesi na maji hutiririka kwa kusukumwa na tofauti ya shinikizo. Kanuni yake ilitolewa mwaka 1856, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Fick, na Henry Darcy, mhandisi aliyeuletea mji wa Dijon nchini Ufaransa maji safi na kupima jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga.

Unapoweka sheria hizi mbili pamoja, unaona ugumu wote wa gesi ya makaa. Ghala lina karibu gesi yote, lakini halipitishi. Nyufa zinapitisha, lakini mara nyingi ujazo wake haufiki hata asilimia moja ya jiwe. Na nyufa zina wivu. Uwezo wa ufa mmoja kupitisha hufuata upana wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ufa ukibanwa ukabaki nusu ya upana wake, kinachopita kinabaki moja ya nane. Kadiri unavyokwenda chini, uzito wa miamba hubana nyufa zaidi. Ndiyo sababu tabaka la kina kirefu linaweza kuwa na gesi nyingi kuliko lile la juu yake na bado likashindwa kutoa.

Maji kwanza

Nyufa hazikai tupu. Kwa kawaida zimejaa maji, na uzito wa maji hayo ndio unaoiweka gesi kitini. Kwa hiyo kisima cha gesi ya makaa huanza maisha yake kama kisima cha maji. Pampu huvuta wiki, miezi, pengine zaidi ya mwaka. Shinikizo likishuka vya kutosha, viputo vya kwanza huzaliwa kwenye kuta za nyufa. Hapo unaanza ugomvi wa njia.

Maji na gesi haviwezi kupita mahali pamoja bila kuzuiana. Viputo vichache vilivyotengana havisongi; vinakwama penye ubano na kuyapunguzia maji nafasi. Vikiongezeka vikaungana, gesi hupata njia yake yenyewe katikati ya ufa, na maji husukumwa pembeni na kwenye vitundu vyembamba. Huko baadhi ya maji hung'ang'ania kwa nguvu ileile inayoyapandisha mafuta ya taa kwenye utambi. Maji hayo hayatoki kwa pampu yoyote, na gesi iliyo nyuma yake huwa imefungiwa.

Matokeo yake ni grafu iliyopinduka. Kisima cha kawaida cha gesi hutoa nyingi mwanzoni, kisha hupungua. Kisima cha makaa huanza na maji mengi na gesi kidogo; maji yanapungua, gesi inapanda hadi kileleni, kisha inashuka polepole kwa miaka. Wahandisi wa kampuni ya mafuta ya Amoco waliochoronga kisima chao katika bonde la San Juan, New Mexico nchini Marekani, mwaka 1977, kinachohesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii, walilazimika kujifunza subira hiyo.

Subira ina sababu nyingine. Makaa ni laini. Ukivuta maji kwa pupa, mkondo hung'oa unga wa makaa na kuupakia penye ubano wa nyufa. Ni kama kuziba karo la jikoni kwa mkono wako mwenyewe. Ukiizima pampu ghafla, unga uliokuwa ukielea hutulia na kushika. Waendeshaji wa visima katika bonde la Qinshui, mkoa wa Shanxi nchini China, ambako nyufa ni finyu tangu mwanzo, huteremsha maji taratibu na bila kukatiza.

Mlango wa masika

Mtu wa pwani anajua mlango wa mbao una majira yake. Masika unafura na kukwama kwenye fremu. Kiangazi unasinyaa na kuacha mwanya. Makaa nayo hufura yanaposhika gesi na kusinyaa yanapoiachia. Mabadiliko ni madogo mno, lakini kumbuka wivu wa nyufa: mabadiliko madogo ya upana ni makubwa ya mtiririko.

Kwa hiyo kisima kinapozalisha, mambo mawili hushindana. Maji yakiondoka, nyufa hupoteza kitu kilichokuwa kikizishikilia wazi, na uzito wa juu huzibana. Wakati huohuo gesi ikiondoka, jiwe lililo kati ya nyufa husinyaa, nazo hupanuka. Ian Palmer na John Mansoori waliuweka ushindani huo katika mlinganyo mmoja uliopata kutumiwa sana tangu miaka ya 1990. Katika sehemu bora za San Juan, kusinyaa kulishinda: visima vilivyozeeka vilipitisha gesi kwa urahisi mara nyingi zaidi kuliko vilipokuwa vipya. Mahali pengine kubanwa hushinda, na kisima hufa mapema.

Mlango huohuo umewafungia njia waliotaka kuyatumia makaa kuzika hewa ukaa. Hesabu ilionekana nzuri: makaa huipenda hewa ukaa kuliko methani, na katika makaa mengi hushika kiasi kama mara mbili yake. Iingize, itaketi na kuifukuza methani. Jaribio la Allison, huko huko San Juan, lilianza mwaka 1995. Jingine la Kaniów nchini Poland lilianza kuingiza hewa ukaa mwaka 2004. Kote kuwili makaa yalifura kuzunguka kisima, nyufa zikabanwa, na hewa ukaa ikaanza kugoma kuingia. Nchini Poland ilibidi kulipasua tabaka kwa shinikizo ndipo likapokea, na jumla iliyoingia ilikuwa tani 760 hivi. Ghala lilikuwa na viti. Mlango ndio uliofura.

Kupima kisichoonekana

Tunayajuaje yote haya? Kwa kulihoji jiwe kwa namna kadhaa, kwa sababu hakuna chombo kimoja kinachoona kila kitu. Zebaki haipendi kuingia kwenye vitundu. Inabidi isukumwe, na kadiri kitundu kilivyo chembamba ndivyo shinikizo linavyohitajika kuwa kubwa. Inafaa kwa vitundu vikubwa na nyufa, ila ikisukumwa mno huponda makaa yenyewe na kutoa majibu ya uongo. Naitrojeni kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri hupima vitundu vya kati. Kwenye vidogo kabisa hushindwa, kwa kuwa katika baridi hiyo molekuli zake ni nzito kwa mwendo. Hapo hutumiwa hewa ukaa kwenye nyuzi sifuri: molekuli zake ni nyembamba zaidi na bado zina uchangamfu wa kupenya.

Zana hizo hueleza ukubwa wa vyumba. Swali la nani anaweza kutoka hujibiwa na binamu wa mashine ya MRI ya hospitali. Kipande cha makaa hujazwa maji, kisha sumaku huziamsha haidrojeni za maji hayo na kusikiliza zinavyotulia. Maji yaliyobanwa kwenye vitundu vidogo hutulia upesi. Yaliyo kwenye nyufa huchukua muda. Baadaye kipande huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi maji yanayoweza kutoka yatoke, na kipimo hurudiwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo maji yanayosogea. Katika makaa magumu, sehemu hiyo mara nyingi ni ndogo.

Tajiri na maskini

Sasa linganisha sehemu mbili za dunia. Katika bonde la Powder River, Wyoming, makaa ni machanga. Tani moja mara nyingi haina zaidi ya mita moja au mbili za gesi. Kwa hesabu ya ghala, ni maskini. Lakini matabaka ni manene, hayako mbali na uso wa ardhi, na nyufa zake ni wazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu kwa maelfu ya visima vilichorongwa huko, vikavuta maji mengi na kuuza gesi nyingi, mpaka bei ilipoanguka. Katika Qinshui kusini, tani moja ya anthrasaiti yaweza kuwa na mita 10 hadi 20 na zaidi. Ni tajiri, na kwa miaka mingi visima vyake vingi vimetoa kidogo kuliko walivyotarajia waliovilipia.

Katikati yao wapo waliobahatika kupata kiasi cha kila kimoja, kama Queensland nchini Australia. Gesi ya makaa ya huko hugeuzwa kimiminika kwenye Kisiwa cha Curtis na kupakiwa melini tangu mwishoni mwa mwaka 2014, huku maji ya chumvi yanayotoka visimani yakihitaji mitambo yake ya kuyasafisha. Hata hao hawakuanza kwa kuuliza ghala lina kiasi gani peke yake.

Makaa ya Karoo yako pia chini ya ardhi yetu, na siku moja mtu atasimama mbele ya wananchi na tarakimu kubwa ya gesi iliyolala humo. Msomaji, tarakimu hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikuambie kitu. Muulize maswali matatu. Nyufa zinapitisha kiasi gani katika kina hicho? Shinikizo lishuke hadi wapi ndipo gesi ianze kuachia? Na maji yatakayotangulia kutoka, yatakwenda wapi? Akiwa na majibu yaliyopimwa kwenye jiwe la mahali pale, msikilize. Akiwa na tarakimu ya ghala tu, amekutegea kitendawili, na jibu lake ni yai.